Kitabu cha Karatasi na Kitabu cha Kidijitali: Kipi Kimfae Mwanafunzi?

Katika ukurasa huu nataka kueleza jambo ambalo limetugawa wanachama wa Chama cha Kiswahili pande mbili mwaka huu. Chama kimejiwekea akiba kidogo kutokana na ada zetu, na sote tumekubaliana kwamba akiba hiyo inunue kitu cha kuwafaa wasomaji. Tatizo ni kitu gani. Kuna wale wanaosema tununue kishikwambi, yaani tableti, tukijaze vitabu mia mbili na mambo yaishe. Kuna na wale wanaosema, la, pesa hizo zinunue vitabu vya karatasi viwekwe katika sanduku la chama. Kila upande umeng'ang'ania lake kama kupe. Kabla kura haijapigwa, nimeona heri mambo haya yaelezwe moja baada ya jingine, kwa maana asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Kitabu cha kidijitali ni kitu gani hasa?

Wengi wetu tukisikia kitabu cha kidijitali tunafikiria jambo jipya la juzi juzi. Kumbe sivyo. Mnamo Julai 1971 kijana mmoja Mmarekani aitwaye Michael Hart, aliyekuwa akisoma katika Chuo Kikuu cha Illinois, alichapa Tangazo la Uhuru wa Marekani kwenye kompyuta kubwa ya chuo ili wengine wausome bila malipo. Huo ndio uliokuwa mwanzo wa Project Gutenberg, maktaba ya vitabu vya bure ambayo siku hizi ina makumi ya maelfu ya vitabu. Kwa bahati mbaya vilivyo vingi ni vya Kiingereza, na vya Kiswahili ni haba mno. Hilo tuliweke akilini, kwa sababu mtu anaposema "vitabu mia mbili", yafaa aulizwe ni vya lugha gani.

Kitabu cha kidijitali huja kwa sura mbili kubwa. Sura ya kwanza ni PDF. Hii ni kama picha ya ukurasa: kila neno limekaa pale pale mchapishaji alipoliweka. Ukiifungua kwenye simu ndogo, maandishi yanakuwa madogo kama chawa, nawe unalazimika kuyakuza na kuyasukuma huku na huku kwa kidole mpaka uchoke. Sura ya pili ni EPUB. Humo maandishi hujipanga yenyewe kulingana na ukubwa wa kioo. Ukikuza herufi, mistari hujikunja upya. Riwaya ya EPUB isiyo na picha aghalabu haifiki hata megabaiti mbili, ilhali PDF iliyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa yaweza kufika megabaiti hamsini. Kwa mtu anayenunua bando la shilingi ishirini, tofauti hiyo si mchezo.

Tena vifaa vyenyewe si sawa. Kuna simu na kishikwambi, ambavyo kioo chake hutoa mwanga kama taa. Halafu kuna kifaa cha kusomea tu, mathalan Kindle iliyoanza kuuzwa Marekani mnamo Novemba 2007. Hiki hutumia kinachoitwa wino wa kielektroniki. Ndani ya kioo chake mna vifuko vidogo sana visivyoonekana kwa macho, na katika kila kifuko mna chembe nyeupe na chembe nyeusi zenye chaji tofauti. Umeme ukipita hivi, nyeusi hupanda juu zikawa herufi. Ukipita vile, nyeupe hupanda zikawa karatasi. Zikishatulia hazihitaji umeme tena mpaka ufungue ukurasa mwingine. Ndiyo maana kifaa hicho chaweza kukaa wiki kadhaa bila kuchajiwa na husomeka hata kwenye jua kali, wakati simu hata siku mbili ni taabu. Lakini tusijidanganye. Kitu ambacho wenzetu wanapendekeza si hicho. Ni tableti ya kawaida, ile yenye michezo na video.

Kenya imeshajaribu

Ubishi huu si wetu peke yetu. Nchi yetu imeshaupitia, na yafaa tujifunze kwa waliotangulia. Mwaka wa 2011 shirika la Worldreader, ambalo lilikuwa limeanza kazi Ghana, lilileta vifaa vya Kindle kwa wanafunzi wa shule ya msingi huko Kilgoris. Baadaye vifaa kama hivyo viliwekwa katika maktaba za umma nchini. Hiyo ilikuwa njia moja: kifaa kinakuja na vitabu ndani yake, na kuna mtu wa kukisimamia.

Njia nyingine ilikuwa kubwa zaidi. Katika kampeni za mwaka wa 2013 watoto wa darasa la kwanza waliahidiwa vipakatalishi. Zabuni ilileta kesi na mabishano, na mwishowe mwaka wa 2016 vikaanza kutolewa vishikwambi badala yake. Sisi watu wa Eldoret tuna jambo la kujivunia hapo, kwa kuwa Chuo Kikuu cha Moi, jirani yetu, kilikuwa miongoni mwa waliopewa kazi hiyo kikishirikiana na kampuni ya JP Sá Couto ya Ureno. Vifaa zaidi ya milioni moja vilipelekwa katika shule za msingi kote nchini. Je, vilifanya watoto wasome vitabu zaidi? Shule nyingine zilivitumia vizuri. Nyingine zilivifungia kabatini kwa kuogopa wezi, nyingine hazikuwa na stima ya kutegemewa, na kwingine walimu hawakuwa wamepewa mafunzo ya kutosha. Kifaa kikifungiwa kabatini, ni sawa na maktaba isiyo na mlango.

Kisha ukaja ugonjwa wa korona. Shule zote zilifungwa Machi 2020 na hazikufunguliwa kwa wote mpaka Januari 2021. Wakati huo tulikuwa shule ya msingi. Taasisi ya KICD iliweka masomo na vitabu kwenye mtandao wake, na redio na televisheni zikapeperusha vipindi vya masomo. Waliokuwa na simu nzuri na bando walisoma. Wasiokuwa navyo walisoma vitabu vya karatasi vilivyokuwa nyumbani, kama vilikuwepo. Kama havikuwepo, walikaa hivyo hivyo.

Karatasi ina nguvu gani?

Wengine hudhani wanaotetea karatasi ni watu wa kale wanaoogopa mashine. Sivyo kabisa. Mwaka wa 2013 mtafiti Anne Mangen na wenzake kule Norwe walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya na wanafunzi 72 wa darasa la kumi, yaani watu wa umri wetu. Wote walisoma matini zile zile, lakini kundi moja lilisoma kwenye karatasi na jingine likasoma PDF kwenye kompyuta. Waliosoma karatasi walijibu vizuri zaidi maswali ya ufahamu. Mwaka wa 2018 watafiti wengine, Pablo Delgado na wenzake, walikusanya tafiti 54 zilizohusisha watu zaidi ya 170,000. Waliona kwamba karatasi inashinda hasa mtu anaposoma matini za maelezo, kama zile za Historia au Bayolojia, na hasa anaposoma akiwa na muda mfupi. Lakini kwa hadithi, hawakuona tofauti ya maana.

Kwa nini iwe hivyo? Sababu mojawapo ni kwamba mtu akisoma kwenye kioo huenda mbio na kujiona ameelewa kumbe hajaelewa. Sababu nyingine sisi wanafasihi tunaijua vizuri. Mwalimu akikupa dondoo na kusema uliweke katika muktadha wake, akili hukimbilia ukurasa. Unakumbuka maneno yale yalikuwa upande wa kushoto, chini kidogo, karibu na mwisho wa sura, pale ulipopiga mstari kwa penseli. Katika simu hakuna kushoto wala kulia. Kila ukurasa unapita mahali pale pale kama matatu kwenye steji, na baada ya muda zote zinafanana.

Fauka ya hayo, kitabu cha karatasi ukikinunua ni chako. Unaweza kumpa rafiki, kumrithisha mdogo wako, au kumuuzia muuza vitabu vilivyotumika. Cha kidijitali mara nyingi umepewa tu ruhusa ya kukisoma. Mnamo Julai 2009 kampuni ya Amazon ilifuta vitabu viwili vya George Orwell kutoka kwenye Kindle za wateja waliokuwa wameshalipa, kwa sababu aliyeviuza hakuwa na haki ya kuviuza. Kimojawapo kilikuwa Animal Farm, kile ambacho Fortunatus Kawegere alikitafsiri kwa Kiswahili kikaitwa Shamba la Wanyama. Wateja walirudishiwa pesa, na kampuni ikaomba radhi. Lakini hebu fikiria: umelala, umeamka, kitabu hakipo. Cha karatasi hakiwezi kukufanyia hivyo, labda mbuzi akitafune.

Haki ya kidijitali nayo isemwe

Ingawa hivyo, si haki kusifu upande mmoja tu. Kitabu cha kidijitali hakina uzito. Riwaya mia haziongezi hata gramu moja kwenye mkoba. Husomeka gizani stima ikipotea, ilimradi kuna chaji. Hutafuta neno kwa nukta moja. Ukitaka kujua mhusika fulani ametajwa wapi na wapi, unaandika jina lake tu. Kamusi pia iko humo humo, ingawa hapa Kiswahili kina shida yake. Kamusi ya kawaida ya kifaa hutafuta neno kama lilivyoandikwa. Neno la Kiingereza halibadiliki sana, kwa hiyo hupatikana. Lakini ukigusa "hawakumfikishia", kamusi inabaki imeduwaa, kwa maana haijui kuvua viambishi ili ifike kwenye "fika". Kazi hiyo bado ni yako wewe na somo la sarufi.

Jambo kubwa zaidi, na ambalo watu wa karatasi hatulisemi, ni hili. Kuna wasomaji ambao karatasi imewafungia mlango. Miongoni mwetu yupo mwenzetu ambaye macho yake ni dhaifu. Herufi za vitabu vingi hawezi kuzisoma hata akikaa dirishani. Kwenye kishikwambi anaikuza herufi iwe kubwa kama ya ubaoni, anasoma kama mtu mwingine yeyote. Kwa wasioona kabisa tofauti ni kubwa zaidi. Kitabu kimoja cha kawaida kikiandikwa kwa Breli huwa mabuku kadhaa manene ya kubebwa na mikono miwili. Siku hizi kuna kifaa kiitwacho Orbit Reader 20, ambacho shirika la Kilimanjaro Blind Trust limekuwa likiwapa wanafunzi wasioona hapa Kenya. Kina nukta zinazoinuka na kushuka chini ya vidole, na kadi yake ndogo hubeba vitabu kwa mamia. Kwa mwanafunzi kama huyo kifaa si anasa. Ndicho kitabu chenyewe.

Simu ni ya nani?

Sasa tuje kwetu. Sisi ni wanafunzi wa kutwa. Saa kumi kengele ikilia tunatawanyika, huyu Langas, yule Huruma, mwingine Kapsoya au Maili Nne. Simu haziruhusiwi shuleni, kwa hiyo kitabu cha simu kitasomwa nyumbani. Lakini nyumbani simu ni ya nani? Mara nyingi ni ya mama au baba, na ndiyo duka, ndiyo benki, ndiyo ya kupigiwa na wateja. Mama akirudi sokoni saa moja, chaji imebaki kidogo, na dada yako naye anaitaka kwa kazi ya ziada. Utapata dakika ishirini. Katika dakika hizo ujumbe unaingia mara tatu. Hiyo riwaya itakwisha lini?

Kuna na mwiba mwingine. Vitabu vingi vya kuteuliwa vinavyozunguka katika makundi ya simu si vitabu vya kidijitali vya halali. Ni kurasa zilizopigwa picha, nyingine zimekatwa pembeni, nyingine hazipo kabisa. Kurasa zikikosekana, na dondoo likatoka humo, utamlilia nani? Tena ni wizi. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001 inamlinda mwandishi, na mwandishi wa Kiswahili akiibiwa kila siku ataacha kuandika atafute kazi nyingine. Hapo sisi wapenda Kiswahili tutakuwa tumekata tawi tulilolikalia.

Hata hivyo, haki ya wazazi nayo isemwe: vitabu vya karatasi ni ghali. Sheria ya VAT ya mwaka wa 2013 iliongeza ushuru wa asilimia 16 juu ya bei ya vitabu. Tangu mwaka wa 2018 serikali imekuwa ikinunua vitabu vya kiada moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji, ikilenga kila mwanafunzi awe na chake. Hilo ni jambo jema. Lakini vitabu vya kiada havitoshi. Kinachokosekana mikononi mwetu ni vile vya kusoma kwa kupenda tu: hadithi, riwaya, tamthilia ambazo hazitahiniwi. Lugha hujengwa huko.

Tuhesabu wasomaji, tusihesabu vitabu

Hapa ndipo ninapotaka kila mwanachama anisikilize kwa makini, hata kama hakubaliani nami. Wenzetu wa kishikwambi wanaweza kusema: "Wewe mwenyewe umetuambia kwamba kwa hadithi, kioo na karatasi ni sawa. Na hadithi ndizo zinazokosekana. Basi tununue tableti!" Ni hoja nzuri. Lakini tufanye hesabu ndogo. Tuseme kishikwambi ni shilingi 10,000 na riwaya moja ni shilingi 500. Kishikwambi kinatupa vitabu mia mbili. Pesa hizo hizo zinatupa riwaya ishirini tu. Mtu akiishia hapo atasema mia mbili ni zaidi ya ishirini, na kura ataipiga mara moja.

Lakini tusihesabu vitabu, tuhesabu wasomaji. Jioni ya Ijumaa kishikwambi kitakwenda nyumbani na mwanafunzi mmoja. Vitabu mia mbili, msomaji mmoja. Riwaya ishirini zitakwenda na wanafunzi ishirini, Langas, Huruma, Kapsoya na Maili Nne, na huko nyumbani ndugu zao nao watachungulia. Jumatatu zinabadilishana mikono. Kishikwambi kikianguka chini kwenye matatu, maktaba nzima imevunjika. Riwaya moja ikipotea, kumi na tisa zimebaki. Karatasi hugawanyika, kifaa kimoja hakigawanyiki. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Hata nchi tajiri zimeanza kufikiri upya. Uswidi, ambako shule zilikuwa zimejaa vifaa vya kidijitali, serikali iliamua mwaka wa 2023 kutenga kroni milioni 685 kununua vitabu vya karatasi kwa ajili ya wanafunzi. Hawakutupa kompyuta zao. Walichoona ni kwamba kitu kimoja kilikuwa kimesukumwa nje na kingine, wakakirudisha.

Kwa hiyo shauri langu ni hili. Kwanza, akiba ya chama inunue riwaya na hadithi za karatasi, nakala tofauti tofauti, na ziwe na daftari la kuazima lenye tarehe ya kurudisha. Pili, kwa kusomea mtihani tushike karatasi na penseli, na kioo tukiachie kutafuta neno au habari ya haraka. Tatu, anayepata simu nyumbani asome vitabu vya halali, vya EPUB panapowezekana, ili bando lisimmalize. Nne, na hili nawasihi walimu wetu walibebe, chama kiandikie kamati ya wazazi barua kuomba kishikwambi kimoja kwa ajili ya mwenzetu mwenye macho dhaifu, kiwe chake mpaka amalize kidato cha nne. Tukisema kifaa si lazima kwa wote, haimaanishi si lazima kwa yeyote. Na wazazi wakikataa, basi mimi nitakuwa wa kwanza kuinua mkono riwaya zipungue ziwe kumi, nusu ya akiba ianze kumchangia yeye, kwa sababu naye ni msomaji, na nimesema tuhesabu wasomaji.

Akiba haiozi, lakini inaweza kutumiwa vibaya. Fikirini kabla ya kuinua mkono. Kwa hayo machache natua kalamu yangu hapa.